Ngongo ya Chintu, fundi aliyepotezewa jina

Kwa miaka mingi, majumba ya makumbusho ya Ulaya yalimuita tu Fundi wa Buli. Buli si jina la mtu, ni kijiji ambako kazi zake mbili zilichukuliwa na wazungu wakati wa ukoloni. Ni kama fundi wa Kasongo achonge kiti, kiti kionekane Kabambare, halafu dunia nzima imuite Fundi wa Kabambare.

Jina lake, kwa habari zilizohifadhiwa na wazee wa kwao, ni Ngongo ya Chintu. Maana yake ni chui mkubwa, baba wa vitu vilivyochongwa. Mtu hapewi jina la namna hiyo bure. Alikuwa Muhemba wa kijiji cha Kateba, kusini ya nchi ya Wabangubangu na Wabuyu wa Kabambare, upande ambao leo ni jimbo la Tanganyika. Inakadiriwa aliishi kati ya mwaka 1810 na 1870 hivi, wakati misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa inazidi kuingia mpaka Lualaba.

Kazi yake kubwa ilikuwa viti vya mashefu. Kiti kizima kinatoka katika gogo moja, bila msumari, bila kuunganisha. Chini kuna mwanamke anayebeba kikalio kwa kichwa na kwa vidole vya mikono. Kwa Waluba na Wahemba, uwezo wa shefu unatoka kwa mababu na unabebwa na wanawake. Njo maana shefu anakaa juu ya mwanamke wa mti. Alichonga pia mwanamke aliyeshika bakuli la kuwekea udongo mweupe mtakatifu. Hilo liko Tervuren, Ubelgiji.

Mwenye kujifunza kuchonga maski, yaani vinyago vya kuvaa usoni, aangalie ginsi alivyotengeneza uso. Kinyago cha kifwebe cha Wasonge kinasema kwa mistari na rangi: mifereji mingi sambamba, nyeupe, nyekundu, nyeusi, macho na mdomo vikitokeza mbele. Ngongo ya Chintu alifuata njia nyingine. Uso wake ni mrefu, paji la mviringo, mifupa ya mashavu imetokeza, mashavu yameingia ndani, kope nzito zimefunga nusu ya jicho. Hakuhitaji rangi, kivuli kinachoanguka chini ya mfupa wa shavu kinafanya kazi ya mstari. Na vipimo si vya mwili wa kweli. Mikono ni mikubwa kupita kiasi, viganja vimegeuzwa kumwelekea mtazamaji, kichwa ni kizito kuliko miguu, lakini kiti hakiegemei upande wowote. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwanafunzi akifuata vipimo vya mwili tu, mikono midogo haitaonekana kubeba kitu.

Uso huohuo ndio uliomrudisha. Mbelgiji Frans Olbrechts (1899-1958) alilinganisha kazi zilizotawanyika katika makumbusho mbalimbali, akaona zinafanana kiasi kwamba lazima zina fundi mmoja. Wakati ule wengi Ulaya walidhani sanaa ya Afrika ni ya kabila tu, haina mwenyewe. Miaka ya 1970 watafiti walifika Kateba, na kule wenyeji walikuwa wangali na jina.

Ubishi haukuisha. Mwaka 1980 Mmarekani Susan Vogel aliandika kwamba kazi hizo, karibu 20, zina mikono zaidi ya moja. Huenda ni kweli: fundi mkubwa hakosi wanafunzi, na mwanafunzi mzuri anaiga uso wa mwalimu wake mpaka kwenye kope.

Mwaka 1979 kiti kimoja kiliuzwa mnadani London kwa pauni 240,000, bei iliyoshangaza soko la sanaa wakati ule. Kateba haikupata kitu. Leo kiti hicho kiko Metropolitan Museum, New York. Katika maelezo yake bado wanaandika Fundi wa Buli, na jina la Ngongo ya Chintu linafuata nyuma likitanguliwa na neno labda.