MZEE HUKWE ZAWOSE: MGOGO ALIYEPIGA LUPU BILA UMEME

Wa Njombe najua mmejikunyata kwenye masweta, wa Makambako mko hapo njia panda mnasubiri basi la Songea au la Mbeya. Kabla dakika zako hazijaisha hapo kafe, soma hii.

Siku hizi huku kwetu utamkuta msela ana kibodi ndogo inayoingia kwenye begi. Anapiga kipande kifupi, mashine inakishika na kukirudia bila kuchoka, anaongeza ngoma juu yake, anaongeza besi, halafu anaimba. Hicho kipande kinachojirudia ndio lupu. Nikipiga stori na vijana wanaofanya mambo haya, wengi wananiambia huu ni mziki wa wazungu, sisi tunaiga tu. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni marehemu Mzee Hukwe Ubi Zawose.

Mzee Zawose alizaliwa huko Dodoma. Ni Mgogo, na Wagogo kwa mziki usiwaambie kitu. Chombo chake kikubwa kilikuwa ilimba. Kwa asiyeijua, ni sanduku la mbao lenye vipande vyembamba vya chuma juu yake, unavipiga kwa vidole. Unaibeba mkononi na kwenda nayo popote, haitaki umeme wala betri.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Mpigaji anashika mzunguko mfupi wa sauti za chini na za juu, anaurudia na kuurudia, halafu sauti yake ya kuimba inapita juu ya huo mzunguko. Hiyo si lupu ni nini? Kuna vyuma vingine kwenye ilimba kubwa havipigwi kabisa, vyenyewe vinaitikia vile vinavyopigwa, ndio maana sauti inabaki inaelea kama mwangwi. Na kwenye tundu la sanduku wanabandika utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Yaani ule mkwaruzo ambao leo unautafuta kwa kubonyeza programu, Mgogo aliupata kwa buibui!

Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alivutiwa na kipaji chake na kumwita Dar es Salaam aje afanye kazi ya sanaa. Enzi hizo serikali ilikuwa inajenga utamaduni wa taifa jipya, na wasanii wa makabila mbalimbali waliletwa pamoja. Baadaye mzee akahamia Bagamoyo, akafundisha kwenye Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Bagamoyo ndio ikawa nyumbani kwake, na familia yake yote ikawa kama bendi. Mbali na ilimba alipiga zeze na filimbi, na alicheza na njuga miguuni. Sauti yake ndio usiseme, ilishuka chini kabisa kisha ikapanda juu kama ya mtu mwingine.

Miaka ya 1980 kazi zake zikaanza kutoka Uingereza. Mwaka 1996 ikatoka albamu ya Chibite chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Halafu mwaka 2002 ndio likaja tukio lililonifanya niandike hii. Mzee alitoa albamu inaitwa Assembly pamoja na Michael Brook, jamaa wa Canada mtaalamu wa gitaa na mitambo. Ilimba, zeze na sauti za Kigogo zikaingia kwenye mashine, zikakutana na gitaa la umeme na midundo ya kompyuta. Mpwa wake, Charles Zawose, alikuwa naye bega kwa bega. Mwaka huohuo mzee na Charles walikwenda Marekani kwenye ziara ya Peter Gabriel, wakapanda jukwaa kwenye kumbi kubwa na ilimba zao.

Wadau, hapa naomba tuelewane. Kwenye Assembly jina la Zawose limekaa sawa na la Brook. Mwenye mitambo hakuchukua sauti ya mzee akaigeuza kuwa kionjo kisicho na mwenyewe. Hilo ndilo ninalotaka sisi wa huku tulifikirie.

Tofauti nyingine iko jukwaani. Lupu ya mashine haisikii mtu, wewe ukichoka yenyewe inakwenda tu. Lupu ya mzee ilikuwa inasikia. Ukumbi ukichangamka, vidole vinachangamka, mwimbaji akivuta pumzi, mzunguko unamsubiri. Kwa hiyo ukipanda jukwaani na kibodi yako, gusa kitu, badilisha, wasikilize waliokuja. Kubonyeza kitufe na kurukaruka hata shabiki wako anaweza.

Mzee Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Charles naye akafuata mwaka 2004. Pigo kubwa, lakini kazi haikufa. Mwanaye Msafiri Zawose alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, imejaa sinthesaiza juu ya mziki wa Kigogo. Na mwaka 2024 wanawake wa familia, Pendo na Leah, kwa jina la The Zawose Queens, wakatoa Maisha kwa kampuni ileile ya Real World. Safari hii kina mama ndio wako mbele.

Sasa swali langu kwa wana Njombe na Makambako. Wagogo walimpata Zawose, sauti zao zimebaki. Wazee wetu wa Kibena, Kikinga na Kipangwa wanaojua nyimbo za zamani wanaondoka kila mwaka, na hazina yao inazikwa nao. Simu unayo, inarekodi. Nenda kwa babu au bibi, mwombe ruhusa, rekodi, kisha tengeneza lupu yako humo. Ukiitoa, andika jina lake, na pesa ikipatikana mpelekee chake. Kama mzee mwenyewe hataki, mwache.

Unamjua mzee wa namna hiyo kijijini kwenu? Tupia maoni hapo chini, ila matusi yabaki nyumbani.