William Crossing na masanduku ya barua ya nyika ya Dartmoor

Msikilizaji wetu, ukitajiwa sanduku la barua bila shaka unawaza lile la posta, lenye namba na kufuli, ambalo ufunguo wake anao mwalimu mkuu au katibu wa kijiji. Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Devon, liko sanduku la barua lililo peke yake katikati ya nyika, mbali na barabara na nyumba za watu. Halina kufuli, na hakuna tarishi anayelifikia. Mahali hapo panaitwa Duck's Pool. Sanduku liliwekwa mwaka 1938 pamoja na bamba la kumbukumbu ya mtu aliyekuwa amefariki miaka 10 kabla yake, William Crossing.

Nyika hiyo ni Dartmoor. Ni nchi ya juu, ya baridi na upepo, yenye vilima vilivyobeba mawe makubwa ya graniti vichwani. Sehemu kubwa haina miti. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na chini ya nyasi kuna udongo mweusi wa mimea iliyooza, unaonyonya maji na kuyashika. Mahali pengine unakanyaga unadhani ni ardhi, kumbe ni tope linalofika kiunoni. Tangu mwaka 1951 Dartmoor ni hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 954, lakini si hifadhi ya wanyama wakali: watu wanaishi ndani yake, na wafugaji wana haki ya kulisha kondoo, ng'ombe na farasi wadogo katika malisho ya pamoja.

Crossing alizaliwa mwaka 1847 Plymouth, mji wa bandari ulio kusini ya nyika hiyo. Alipokuwa mtoto familia ilimpeleka mara kwa mara kando ya Dartmoor wakati wa mapumziko, na huko ndiko mapenzi yalikoanzia. Ujanani alijaribu ubaharia, akaacha. Mwaka 1872 alimuoa Emma Witheridge wa South Brent, kijiji kilicho ukingoni mwa nyika. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha turubai huko, naye alitakiwa kukisimamia.

Hapa tuseme wazi: biashara hakuiweza. Siku ambazo angekuwa kiwandani alikuwa nyikani, daftari mkononi, anapima umbali kutoka jiwe hadi jiwe na kuwauliza wachungaji jina la kila kijito. Kiwanda kilianguka. Kuanzia hapo aliishi kwa kalamu, na kalamu ya mwandishi wa habari za mashambani haikuwa na malipo ya kumtajirisha mtu. Miaka mingi yeye na Emma waliishi kwa shida, na mara kadhaa walisaidiwa na marafiki.

Lakini angalia alichokikusanya. Aliandika kitabu kizima kuhusu misalaba ya kale ya mawe iliyosimamishwa nyikani kuwaonyesha wasafiri njia. Mwaka 1903 aliandika katika gazeti la Western Morning News mfululizo wa makala kuhusu watu wa kazi wa Dartmoor: wakata udongo mweusi wa kuwashia moto, wachonga mawe, wachungaji, wajenzi wa kuta. Watu hao hawakuwa na mwandishi mwingine wa kuwaandika kwa undani namna hiyo. Sisi tunaofanya kazi ya redio mikoani tunamwelewa hapo, kwa sababu tunajua ni kazi gani kumfanya mzee wa kijijini akusimulie kazi yake bila kukuonea shaka.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1909, mwongozo wa Dartmoor nzima wenye michoro ya Philip Guy Stevens. Crossing alimchukua msomaji kutoka kijiji hiki hadi kile, akimwambia avuke mto wapi, kilima kipi akiache kushoto, na tope lipi aliepuke. Hadi leo wapo wanaotembea nacho.

Ni katika mwongozo huo tunaposoma asili ya masanduku. Crossing anaeleza kwamba mwaka 1854 James Perrott, mwenyeji wa Chagford aliyekuwa akiwaongoza wageni nyikani, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, kaskazini mwa Dartmoor. Jina lina maana ya dimbwi, lakini hata dimbwi lenyewe lilikuwa limekauka, limebaki shimo la tope. Kufika huko kulikuwa kazi ya siku nzima. Aliyefika aliacha kadi yenye jina lake ndani ya chupa, ushahidi kwamba miguu yake ilifika. Baadaye chupa ikageuka sanduku, na kikaongezwa kitabu cha wageni. Watu wakaanza kuacha kadi za posta zenye anwani. Aliyefuata kufika alizichukua na kuzituma mjini, naye akaacha za kwake. Jina la sanduku la barua lilitoka hapo. Mwaka 1921 hata mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza alitembea hadi Cranmere.

Miaka ya mwisho ya Crossing ilikuwa migumu. Mwili uliolowa mvua ya Dartmoor kwa miaka mingi ulishikwa na baridi yabisi, na mtu aliyezijua njia zote akawa hawezi kuzitembea. Kisha likaja pigo jingine. Sehemu kubwa ya karatasi zake, maandishi ambayo hayakuwahi kuchapishwa, iliharibiwa na mfanyakazi wa usafi aliyeziona kuwa takataka. Alifariki Plymouth mwaka 1928 akiwa na miaka 80, akazikwa Mary Tavy, kijiji cha upande wa magharibi wa nyika alikokaa miaka mingi.

Wapenzi wa vitabu vyake walipotaka kumkumbuka, wakachagua sanduku, wakaliweka kusini mwa Dartmoor katika shimo jingine la tope lililo mbali na kila kitu. Wakati huo masanduku ya nyikani yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Hata katikati ya miaka ya 1970 hayakufika 20. Halafu mchezo ukashika moto. Watu wakaanza kuficha visanduku vidogo chini ya mawe, kila kimoja na mhuri wake wa mpira na daftari. Anayekipata anapiga mhuri huo katika daftari lake na kupiga wa kwake katika lile la sandukuni. Aliyefikisha masanduku 100 anaingia katika kundi la wenye kupewa orodha ya vidokezo. Visanduku vikafika maelfu.

Na matatizo yakaja nayo. Kwa kutafuta kisanduku, watu waling'oa mawe na kufukua nyasi. Baadhi ya mawe hayo ni makaburi na mistari ya mawe ya watu walioishi huko maelfu ya miaka iliyopita, vitu vilevile ambavyo Crossing alitumia maisha na afya yake kuviandika visipotee. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika habari hii. Nyika yenyewe ina wenyewe, nao waliuliza nani aliruhusu. Zikawekwa kanuni: usifiche sanduku katika mabaki ya kale wala ukutani, usitumie saruji, usiliweke mahali pa hatari. Kuanzia Machi hadi Julai kuna ndege wanaotaga chini, na mbwa lazima wafungwe kamba.

Kaskazini, iliko Cranmere, lipo jambo jingine. Jeshi hufanya mazoezi ya kufyatua risasi za moto, na bendera nyekundu zikipandishwa hakuna anayeruhusiwa kuingia eneo hilo. Mtembeaji anatakiwa kuangalia ratiba kabla ya kutoka nyumbani.

Siku hizi wapo wanaotafuta vitu vilivyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti kupitia simu, mchezo ulioanza mwaka 2000. Nyikani, ukungu unaweza kushuka ghafla, betri ikaisha na mtandao ukakatika. Kwa hiyo wazoefu wa Dartmoor bado wanabeba ramani ya karatasi na dira. Sanduku la Crossing bado linatembelewa. Hakuna barabara inayofika Duck's Pool, na anayekwenda lazima avuke tope kwa miguu, afungue, aandike jina lake, kisha alifunge vizuri mvua isiingie.