Padre Manuel da Nóbrega, Mreno Aliyehamia Brazili

Walimu watakaosoma maisha haya wanajua taabu ya mtu mwenye elimu ambaye ulimi wake haumtii. Taabu hiyo ndiyo iliyompata Manuel da Nóbrega. Alizaliwa kaskazini ya Ureno tarehe 18 Oktoba 1517, akasoma sheria za Kanisa huko Salamanca na Coimbra, akafuzu vema. Walakini alikuwa na kigugumizi, na alipotaka kazi ya kufundisha chuoni hakuipata. Mwaka 1544 akaingia Shirika la Yesu, akawa akizunguka vijijini kuwahubiria maskini, kigugumizi chake kikiwa pamoja naye.

Hata mwaka 1549 Mfalme João wa Tatu akamtuma Tomé de Sousa awe liwali mkuu wa kwanza wa Brazili. Nóbrega na wenzake 5 wakasafiri naye katika merikebu zake, wakashuka Bahia tarehe 29 Machi. Tangu siku hiyo hakuiona Ureno tena. Mji wa Salvador ulikuwa haujajengwa bado, na mapadre wakajijengea kanisa la miti na udongo kwa mikono yao. Vicente Rodrigues akafungua shule ya kusoma na kuandika. Padre Navarro akatangulia wote kuishika lugha ya Kitupi. Nóbrega, aliyekuwa mkubwa wao, akaona upesi kwamba watoto huvutwa kwa nyimbo, akaruhusu wamwimbie Mungu kwa lugha yao na kwa namna ya kwao. Askofu wa kwanza, Pero Fernandes Sardinha, aliyefika mwaka 1552, akachukizwa nayo, akidhani ni upagani uliovikwa nguo mpya. Nóbrega akaenda zake pande za kusini.

Huko, katika nyanda za juu za Piratininga, alichagua mahali pa shule. Tarehe 25 Januari 1554, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo, Misa ikasomwa katika kibanda kidogo, nacho kilikuwa shule, kanisa na malazi pia. Mwalimu wa Kilatini alikuwa José de Anchieta, kijana wa miaka 19. Kibanda hicho ndicho asili ya mji wa São Paulo, ambao leo una watu zaidi ya milioni 11.

Walakini mashaka yake makubwa hayakutoka kwa askofu, bali kwa tamaa ya Wareno wenzake. Walowezi waliwateka wenyeji wawalimie mashamba ya miwa, naye akawanyima maondoleo katika kitubio wale waliowashika watu bila haki. Wakamchukia. Hapa yatupasa kusema kweli: yeye huyo aliyewatetea wenyeji alimwomba mfalme watumwa wa Guinea kwa kazi za nyumba ya mapadre. Sisi Waafrika hatuwezi kulipita neno hilo kimya, wala sifa zake nyingine hazilifuti.

Mwaka 1563 Watamoio, waliochoshwa na kutekwa, walikuwa wamefanya shauri moja la vita juu ya Wareno wa pwani. Nóbrega, mwili wake umekwisha dhoofika, akaenda kwao Iperoig pamoja na Anchieta, bila askari wala silaha, wakajitoa kuwa rehani. Anchieta ndiye aliyekuwa mkalimani. Zaidi ya mara moja walikaribia kuuawa. Nóbrega akarudi kwanza ili kuyatengeneza mapatano. Mwenzake akabaki miezi kadha wa kadha peke yake, hata amani ikapatikana.

Mji wa Rio de Janeiro ulipoanzishwa mwaka 1565, Nóbrega alikuwa mmoja wa walioutia nguvu, kisha akawa mkuu wa chuo cha huko. Akafa humo tarehe 18 Oktoba 1570, siku aliyotimiza miaka 53. Mwezi wa Machi wa mwaka ule ule Mfalme Sebastião alikuwa ametoa sheria ya kukataza wenyeji wasifanywe watumwa, isipokuwa waliotekwa katika vita vya haki. Na walowezi wakapita katika mwanya huo.