Hesabu ya Tom Mboya na Mteremko wa Embu

Kila ifikapo tarehe 5 Julai, Wakenya humkumbuka Tom Mboya kwa namna alivyokufa. Leo nataka nimkumbuke kwa hesabu aliyotuachia. Mimi ni mtu wa Mbeere, upande wa chini wa Embu, na hesabu hiyo ilifika hadi katika vyungu vya mama zetu. Ninaamini ya kwamba mtu akitaka kuelewa kwa nini njaa ina makao ya kudumu mahali fulani, na mahali pengine hupita tu kama mgeni, ni lazima arudi kwenye maisha ya kijana huyu wa Rusinga.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi mmoja. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara hapo. Ukoo wao ulitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini mtoto alikua miongoni mwa vibarua wa makabila mengi. Alisoma kwa wamisionari wa Kikatoliki huko Kabaa katika Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Karo ilipokuwa ngumu kupatikana, alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfunza kuutazama umaskini kwa macho ya mpimaji. Mkaguzi wa afya huingia ndani ya chumba, akahesabu wanaolala humo, akapima maji na maziwa, akaandika ripoti. Mboya aliona pia ya kwamba Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Mwaka 1952 akawa mwanzilishi wa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata akashika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na umri wa miaka 23.

Hapo ndipo maisha yake yalipokutana na yetu. Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa Nairobi uliojulikana kama Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu. Wengine wakapelekwa vizuizini, wengine wakarudishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Vyama vya kisiasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, hivyo vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa sauti ya wasiokuwa na msemaji. Mboya alikuwa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 1955 alipatanisha mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford.

Machi 1957 alichaguliwa kuiwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, na miongoni mwao alikuwamo mwana wa Meru, Bernard Mate. Mwaka uliofuata akaongezeka Jeremiah Nyagah wa Embu. Wakati huo huo Mboya alikuwa akizunguka Marekani kuomba nafasi za masomo, na mwaka 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Alikwisha kutambua ya kwamba uhuru bila wataalamu wa kupanga mambo ungekuwa bendera tu.

Uhuru ulipopatikana alikuwa Waziri wa Sheria, na Desemba 1964 akapewa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Miezi michache baadaye, mwaka 1965, serikali ikatoa Waraka Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa uchumi, nao uliandaliwa katika wizara yake. Ndani ya waraka huo mlikuwa na kanuni iliyoonekana kuwa ya akili kabisa. Fedha za nchi zilikuwa chache. Kwa hiyo zipelekwe kwanza penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kwa maendeleo, maana huko ndiko zitakakozaa haraka. Faida itakayopatikana ndiyo itakayoyainua maeneo mengine. Waraka haukukosa wapinzani. Mwaka huo huo mchumi kijana, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliukosoa hadharani ingawa Mboya alikuwa amemsaidia kwenda kusoma ng'ambo.

Sasa, msomaji, twende pamoja Embu tuone kanuni hiyo ilivyofanya kazi. Panda hadi ukingo wa msitu wa Mlima Kenya na utakuta majani chai. Shuka kidogo, pande za Manyatta na Runyenjes, uone kahawa. Endelea kushuka hadi Siakago, Kiritiri na Ishiara, na mvua inapungua kwa kila maili. Huko chini ni mtama, mawele, ndengu, mbuzi na subira. Meru nako ni vivyo hivyo: Imenti ni ya kijani, lakini ukiteremka hadi Tharaka unakuta vumbi na mito ya mchanga. Ni mteremko mmoja, na safari yake haimalizi hata nusu siku.

Wenzetu wa juu walikuwa wamekwisha kutangulia. Waafrika wa Embu na Meru walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruhusiwa kupanda kahawa miaka ya 1930, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukawaongezea hatimiliki za ardhi na mazao ya biashara. Kanuni ya 1965 ikamwongezea aliyekuwa nacho. Siwaonei wivu, maana walitoa jasho. Neno langu ni kwamba nusu ya pili ya hesabu, ile ya faida kuteremka mlima, ilikawia mno. Mwaka 1968 bwawa la Kindaruma lilifunguliwa katika Mto Tana, mpakani mwetu na Ukambani, na baadaye yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Umeme wa nchi ulizaliwa mlangoni petu, ukapita juu ya mapaa yetu kwa nyaya ndefu, nasi chini tukawasha vibatari.

Hata hivyo, haki inanidai niseme upande wa pili. Mwaka 1966 wataalamu na maofisa walikutana Kericho kujadili elimu, ajira na maendeleo ya mashambani, na katika mawazo ya siku hizo ukazaliwa mpango maalumu wa maendeleo ya vijijini. Maeneo sita yalichaguliwa ili yajaribiwe na kuchunguzwa, na Mbeere ikawa mojawapo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali huru kuja kwetu kuuliza tunakula nini na tunauza nini. Lakini mpango huo ulipoanza miaka ya 1970, Mboya hakuwako. Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Hatuwezi kujua kama angeirekebisha kanuni yake, na hilo ndilo ninaloliona kuwa hasara kubwa ya siku ile.

Mwaka 1984 mvua ilikosa, nasi watoto wa shule tukapanga foleni kupokea mahindi ya manjano. Miaka hiyo hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha California, Los Angeles, walikuwa Embu, pande za Kyeni, wakipima chakula cha watoto. Waliona ya kwamba hata penye mashamba ya kijani mtoto huweza kushiba githeri na bado akakosa virutubisho. Kati ya 1998 na 2000 utafiti uliofuata katika shule 12 ulionyesha kuwa waliotiliwa nyama katika githeri waliwapita wenzao katika majaribio ya kufikiri. Mavuno ya shamba, basi, si kipimo cha kutosha cha shibe ya mtoto.

Katiba ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Orodha ya kwanza ilitaja kaunti 14, na Embu, Meru na Tharaka Nithi hazikuwamo. Chai ya juu ilichanganywa na vumbi la chini, ukapatikana wastani usiokuwa na njaa. Orodha iliyofuata ilitazama maeneo madogo zaidi, na hiyo ndiyo njia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wastani wa kaunti haumjui hata mmoja wao.

Simlaani Mboya. Viongozi wengi waliwanyima watu wao bila kuandika sababu. Yeye aliiweka hesabu yake wazi, ikachapishwa, ikapingwa. Hesabu iliyoandikwa huweza kusahihishwa. Wanaopanga leo wafanye kama alivyofanya yule mkaguzi wa afya kijana: waingie nyumba kwa nyumba, kata ndogo kwa kata ndogo, wahesabu, kisha waandike. Na wakifika mwisho wa lami, wasigeuze gari. Waendelee kushuka.