Imamu Bukhari: Mwanafunzi Aliyezifuata Khabari kwa Wenyewe

Kitabu cha Sahihi Bukhari hutajwa sana misikitini mwetu, na hapana Muislamu asiyekiheshimu; lakini ni wachache waijuao taabu aliyoipata mtungaji wake hata kikatimia. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake kwa ufupi, ili vijana wetu watafutao elimu wapate kigezo.

Jina lake ni Muhammad bin Ismail. Alizaliwa Bukhara, mji ulio katika nchi iitwayo leo Uzbekistani, mwezi wa Shawwal, mwaka 194 wa Hijra, yaani 810 wa Miladi. Babake, aliyekuwa mtu wa hadithi, alifariki naye yungali mdogo. Mamaye ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alianza kuhifadhi hadithi akiwa na umri wa miaka kama 10. Yasimuliwa kwamba mwaka mmoja baadaye alimsikia shekhe wake akisoma sanadi iliyokosewa jina la mpokezi mmoja, naye akamtanabahisha. Shekhe alimkemea kwanza. Kisha akaingia ndani kutazama asili ya maandishi yake, akaona kuwa haki iko kwa mtoto, akashika kalamu akasahihisha. Mdogo hakulinyamazia kosa, na mkubwa hakuona haya kurejea kwenye haki.

Mwaka 210 wa Hijra (826) alikwenda kuhiji pamoja na mamaye na nduguye Ahmad. Hija ilipokwisha wao walirejea kwao, naye akabaki Makka kutafuta elimu, kijana wa miaka 16. Tangu hapo maisha yake yakawa ni safari. Alikwenda Madina, na huko, karibu na kaburi la Mtume (S.A.W.), akaanza kuandika Tarikh yake kubwa juu ya wapokezi wa hadithi, akiandika katika nyusiku za mbalamwezi. Alifika Basra, Kufa, Baghdad, Shamu, Misri, Balkh na Nishapur. Baadhi ya miji hiyo aliirudia mara nyingi. Jumla ya mashekhe aliowaandikia hadithi yapita 1,000, na miongoni mwao ni Ahmad bin Hanbal, Ali bin al-Madini na Ishaq bin Rahwayhi.

Huenda mtu akauliza: kwa nini ataabike hivyo, na vitabu vilikuwapo? Jawabu ni kwamba khabari hupotea njiani. Mmoja husahau, wa pili huchanganya majina, wa tatu huzua kwa kusudi. Kwa hivyo alimwendea mwenye khabari mwenyewe, akataka kujua ameipokea kwa nani, na je, huyo alikutana kweli na yule anayemtaja? Ni mkweli? Hifadhi yake ni madhubuti? Kisha huilinganisha riwaya yake na za wenziwe. Katika Sahihi yake hakutosheka kwamba watu wawili waliishi zama moja. Alitaka ithibiti kuwa walikutana.

Shekhe wake Ishaq alipotamani mbele ya wanafunzi wake kipatikane kitabu cha mukhtasari chenye hadithi sahihi tupu, neno hilo lilimwingia moyoni. Akaifanya kazi hiyo kwa miaka 16, akichagua katika hadithi kama 600,000, kwa hisabu ya njia zake zote za upokezi. Alizozitia kitabuni ni kama 7,000 pamoja na zilizokaririwa. Humo pia ametaja khabari ya Sahaba Jabir bin Abdillahi, aliyesafiri mwendo wa mwezi mzima kwa ajili ya hadithi moja tu.

Mwisho alirejea Bukhara. Liwali wa mji alimtaka apeleke elimu yake kasrini, awasomeshe wanawe peke yao. Imamu alikataa, kwani elimu si mali ya mlango mmoja, na atakaye naaje msikitini pamoja na watu wengine. Kwa sababu hiyo alitolewa katika mji aliozaliwa. Akaenda Khartank, kijiji kilicho karibu na Samarkand, na huko akafariki usiku wa kuamkia Idi ya Mfungo Mosi, mwaka 256 wa Hijra (870). Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu Waislamu, leo hadithi hutufikia mkononi kwa simu, haina sanadi wala jina la kitabu, nasi huipeleka kwa wengine kabla hatujaimaliza kuisoma. Yule alivuka majangwa ili kuthibitisha neno moja; sisi twashindwa kumwuliza shekhe wa mtaa wa pili. Basi na tuulize: imetoka wapi, na ni nani aliyeithibitisha? Asiyepata jawabu na aizuie kwake, kwani kumsingizia Mtume (S.A.W.) neno asilolisema ni dhambi kubwa, hata kama neno lenyewe ni zuri.