Vittorio Erspamer

Vittorio Erspamer (Malosco, 30 Julai 1909 – Roma, 25 Oktoba 1999) alikuwa daktari na mtaalamu wa famakolojia kutoka Italia. Anajulikana hasa kama mmoja wa wagunduzi wa serotonini, na kwa peptidi nyingi alizozipata katika ngozi za vyura. Baadhi yake zilisaidia kueleza jinsi ubongo unavyopata habari ya shibe.

Maisha

Alizaliwa Trentino, eneo lililokuwa wakati huo chini ya Austria-Hungaria. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1935, na baadaye alifundisha Bari, Parma na Roma.

Serotonini

Akiwa Pavia aliona kwamba dutu kutoka seli fulani za tumbo na utumbo hufanya utumbo ujikaze. Wengine walidhani ni adrenalini tu. Hakukubali, na mwaka 1937 alionyesha kwamba ni dutu nyingine, akaiita enteramini. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page nchini Marekani walitenga dutu kutoka damu, wakaiita serotonini. Mwaka 1952 ilithibitishwa kuwa ni kitu kimoja. Jina la Wamarekani ndilo lililobaki, ingawa Erspamer aliwatangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Serotonini si peptidi, lakini katika ubongo hupunguza hamu ya kula. Fenfluramini, dawa ya unene iliyotegemea jambo hilo, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo.

Peptidi za vyura

Erspamer na wenzake walichunguza ngozi za mamia ya spishi za vyura. Ngozi hizo zina peptidi kwa wingi, na zinafanana na zile za utumbo na ubongo wa mamalia, ambamo ni chache mno na ni vigumu kuzipata. Kutoka chura wa Ulaya *Bombina bombina* walipata bombesini, mnyororo wa asidi amino 14. Mwaka 1979 watafiti wengine walionyesha kwamba panya waliodungwa bombesini hula kidogo. Mamalia wenyewe wana peptidi za jamii hiyo.

Mwaka 1977 kundi lake lilieleza kasinini, kutoka chura wa Afrika *Kassina senegalensis*, ambaye hutembea na kukimbia badala ya kuruka. Chura huyu ni wa kawaida Tanzania, pamoja na tambarare za Mkoa wa Morogoro. Hapaswi kuchanganywa na vyura wa misitu ya milima ya Uluguru, kama *Nectophrynoides cryptus*, asiyepatikana penginepo duniani. *Kassina* hupenda nyasi na madimbwi ya mvua. Kasinini ni ya jamii ya takikinini. Katika majaribio ya baadaye, peptidi za jamii hii zilipoingizwa katika ubongo wa panya zilipunguza hamu yao ya chumvi.

Erspamer alifariki Roma akiwa na umri wa miaka 90.