Josiah Kibira, Mwanafunzi Aliyekuwa Askofu

Hapa kwetu Nyarugusu unawajua vijana wa maduara. Kijana anamaliza shule leo, kesho yuko shimoni na tochi kichwani. Akipata dhahabu kidogo, fedha inakwisha kabla ya Jumapili. Wazazi wanauliza nani atawalea vijana hawa. Washarika wa Kilutheri nao wana swali lao, hasa baada ya kuhesabu sadaka. Je, wapake rangi kanisa, au wamnunulie baiskeli mwalimu wa kipaimara? Nimeyasikia mabishano hayo. Sikuja kuyaamua. Nataka kukusimulia habari za mtu mmoja wa upande huu wa Ziwa Viktoria.

Mtu huyo ni Josiah Kibira. Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Kashenye, Bukoba. Ukitoka kwetu ukapita Katoro, Biharamulo na Muleba, utafika Bukoba.

Wakati ule kanisa la Kilutheri la Bukoba lilikuwa changa. Wamisionari wa Bethel, kutoka Ujerumani, walifika mwaka 1910. Baada ya miaka michache vita vikuu vya kwanza vikazuka, na wamisionari wale wakaondolewa. Unafikiri kanisa lilikufa? Halikufa. Walimu wenyeji, akiwamo Andrea Kajerero, waliendelea kuwakusanya watu na kuwafundisha kusoma na kusali. Josiah alizaliwa katika kanisa lililookolewa na walimu.

Josiah alikuwa na akili darasani. Alipelekwa shule ya sekondari ya Serikali ya Tabora, shule ile ile aliyosoma Julius Nyerere. Siku hizo wanafunzi wa Bukoba walivuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza, kisha wakapanda treni. Treni hiyo ilipita Shinyanga. Huenda babu yako aliiona ikipita, bila kujua nani yumo ndani.

Mwaka 1947, akiwa bado mwanafunzi, Josiah aliingia katika Uamsho. Labda hujapata kusikia habari za Uamsho, basi nieleze. Ulianza nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukafika Bukoba. Wafuasi wake waliitwa Walokole, yaani waliookoka. Walitubu dhambi zao hadharani. Aliyeiba alirudisha mali. Waliimba mpaka usiku wa manane. Wengi walikuwa vijana, nao hawakuogopa kuwaambia wachungaji kwamba hawajaokoka.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wazee waliwaona vijana hawana adabu. Vijana waliwaona wazee wamelala. Baadhi ya Walokole wa Bukoba walijitenga wakaanzisha kanisa lao. Josiah angeweza kwenda nao, maana alikuwa Mlokole kamili. Hakwenda. Alibaki ndani ya kanisa la wazee wake, na hakuuacha Uamsho. Mimi naona hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya, kuliko hata uaskofu. Mtu anayekaa katikati hupigwa na pande zote mbili.

Alirudi Bukoba akawa mwalimu. Alimwoa Martha. Mwaka 1957 alipelekwa Bethel, Ujerumani, kusomea uchungaji. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Fikiri kidogo, msomaji. Masomo hayo yalilipiwa na watu wengi wasiomjua hata kwa sura. Walitoa tu, wakaamini kijana huyo atakuwa mtu.

Mwaka 1964 alichaguliwa kuwa askofu, akishika nafasi ya Askofu Bengt Sundkler kutoka Uswidi. Kibira alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo Bukoba. Hakuwa amefika miaka 40.

Mwaka 1969 ilitungwa sheria mpya ya elimu. Shule nyingi za madhehebu zikawa za Serikali. Kwa watoto ambao walikuwa wakibaguliwa kwa ajili ya dini, hiyo ilikuwa heri kubwa. Lakini kwa askofu yeyote lilikuwa swali zito. Tangu mwanzo kijana alilipata neno la dini shuleni. Sasa angelipata wapi? Zilibaki Shule ya Jumapili, darasa la kipaimara, kwaya, na vipindi vya dini. Majengo ya hayo si mengi. Yanataka mwalimu, vitabu, na mtu wa kutembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Yaani yanataka fedha za kila mwezi, ambazo hakuna anayeziona zikisimama kama mnara.

Katika jambo la kusaidiana, Askofu Kibira alikuwa na fundisho moja alilolirudia mara nyingi. Alifundisha kwamba hakuna kanisa tajiri kiasi cha kutohitaji msaada, wala kanisa maskini kiasi cha kukosa cha kutoa. Hakupenda Waafrika wakae wakinyosha mkono tu. Hakupenda pia wageni wajione ndio watoaji peke yao.

Mwaka 1977 Walutheri wa dunia nzima walifanya mkutano wao mkuu Dar es Salaam. Ulikuwa mkutano wao mkuu wa kwanza katika Afrika. Walitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo linalogusa imani yenyewe. Katika mkutano huo walimchagua Kibira kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa. Alishika kazi hiyo mpaka mwaka 1984.

Afya yake ilikuwa imedhoofika. Alistaafu, akafariki mwezi Julai mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 62.

Siku hizi kwetu Nyarugusu, ukipita kanisani jioni baada ya karasha kunyamaza, utasikia kwaya ya vijana ikifanya mazoezi. Wengine wametoka shimoni sasa hivi, vumbi bado liko kwenye nywele. Mwalimu wao bado anatembea kwa miguu.